Mtungi wa Mahona

Salvatory Mahona alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na minne, na mtu akishakaa na mizani miaka yote hiyo huanza kudhani kwamba kila kitu duniani kinaweza kuning'inizwa kwenye kulabu kikasomwa. Pamba aliipima. Wakulima aliwapima kwa macho, nani ataguna na nani atanyamaza. Ushirika ulipoyumba na serikali ikatangaza kwamba sasa kila mwenye uwezo anunue pamba na akamue mafuta, Mahona naye akawa mwenye uwezo. Namna alivyoupata mtambo wa kukamua mafuta uliokuwa umefungwa pale Bariadi hakuna aliyeiuliza kwa sauti. Alijinunulia kofia nyeupe ya plastiki, ile ya wahandisi, akataka aitwe Mkurugenzi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1995, aliwakusanya wafanyakazi wake wote kumi na wanane uani. Mizani ya pamba ilikuwa imetundikwa kwenye boriti. Chini yake vililala vipande viwili vya bamba la chuma, vimekatwa ukubwa mmoja. Kimoja kilikuwa chekundu kwa kutu, kimetoka kwenye tumbo la mtungi wa kupikia mbegu, mahali palipolika hadi pakatoboka. Cha pili kilikuwa kipya kidogo, kimekatwa kwenye sakafu ya trela lililopinduka barabara ya Lamadi ili kizibe tundu hilo.

"Mzee Yakobo anasema chuma changu hakifai," Mahona alitangaza. "Haya. Mimi sibishani na mtu kwa mdomo." Akakitundika kile cha kutu, akasoma. Akakitundika cha trela, akasoma, kisha akawaita watu wa mstari wa mbele nao wasome. Cha trela kilizidi kilo moja na robo. "Kipi kizito?"

"Cha trela, Mkurugenzi," waliitikia.

"Mwenye swali?"

Mwenye swali alikuwa Yakobo Mboje, mtu wa Nkololo, mwenye miaka hamsini na saba, ambaye ndiye aliyewasha moto wa boila na kufungua mvuke pale tangu enzi za ushirika. Alivua kofia yake ya kitambaa kabla ya kusema.

"Bosi, chuma cha mtungi hakipimwi kwa uzito."

"Kinapimwa kwa nini? Kwa kabila?"

Wote walicheka. Walikuwa wameajiriwa wiki tatu tu, na mtu wa wiki tatu hucheka hata kabla utani haujaisha.

"Hicho cha zamani kina herufi zimegongwa pembeni," Yakobo aliendelea, "bosi unaweza kuzisoma. Kimetengenezwa kwa ajili ya mvuke. Humo ndani wamechanganya manganizi, na kitu kingine wanakiita molibdeno. Kidogo sana, kama chumvi kwenye mchuzi. Lakini ndiyo inayofanya kisilegee kikikaa kwenye joto mchana kutwa na huku kinasukumwa kwa ndani. Hiki cha trela kimezoea kubeba magunia. Na hata ukisema tukitumie, ukingo wa chuma cha zamani hauchomelewi ukiwa wa baridi. Unaupasha kwanza kwa mkaa, unachomelea, halafu unaufukia na majivu upoe taratibu hata siku nzima. Ukipoa ghafla unakuwa kama kigae."

Mahona alimsikiliza mpaka mwisho, kwa ile subira ya mtu aliyekwisha kuona pa kuchomekea mzaha.

"Chumvi," alisema. "Joakim, hebu lamba tuone kama kina chumvi."

Joakim alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana hodari wa mageti na vitanda vya chuma. Mtu mwenye akili angetabasamu yakaisha. Joakim alipiga magoti akakilamba kile kipande cha kutu, kisha akakilamba cha trela, akasimama na ulimi mwekundu.

"Hakina, bosi. Vyote sawa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Katika mstari wa nyuma msichana mmoja hakucheka, aliangalia chini. Huyo alikuwa Felisita, binti wa mwisho wa Yakobo, mwenye miaka ishirini na moja. Alikuwa amepewa ovaroli ya bluu na kazi ya kufungua mlango wa chini wa mtungi, mbegu zikishaiva, zishuke kwenye kinu. Mahali pake pa kusimama palikuwa hatua mbili kutoka pale bamba la trela litakapokaa.

Mchana Joakim alichomelea. Hakupasha kitu. Alipomaliza mzunguko, chuma kikiwa bado chekundu, Mahona alitazama saa yake, akasema wageni wa ufunguzi wanakuja Jumamosi, akaamuru imwagwe ndoo ya maji. Mvuke ulipanda puu, kila mtu akashangilia. Yakobo alisimama mlangoni mwa chumba cha boila, akasikia chuma kikilia tik, tik, tik ndani ya ule moshi.

*

Nyumbani kwao Somanda, Yakobo hakugusa ugali. Mkewe Milembe alimwangalia, akasogeza bakuli la mboga karibu naye, akalirudisha.

"Sema basi, ng'wana Mboje."

"Utapasuka."

"Lini?"

"Ningejua lini ningelala. Siku ya kwanza, au ya kumi. Mvuke ukifika saba pale kwenye geji, ndicho kipimo cha kazi, ule ukingo utaachia, na lile bamba litaruka na mbegu za moto na mvuke wote. Aliyesimama mbele yake hatutamzika mzima."

Milembe hakuuliza nani anasimama mbele yake. Felisita alikuwa nje anapiga pasi ovaroli yake kwa mara ya pili jioni ile.

"Mwambie Mahona."

"Si nimemwambia? Kalambisha mtu chuma."

"Hakuna namna nyingine ya kujua?"

Namna ilikuwepo, na ilikuwa ya kizamani, haihitaji mtambo. Unaujaza mtungi maji ya baridi mpaka juu kabisa, usibaki hata mfuko wa hewa, kisha unasukuma kwa pampu ya mkono mpaka uzidi kile kipimo cha kazi. Chuma kikiwa kibovu kitapasuka, lakini maji hayafyatuki kama mvuke. Yatamwagika tu, mtu atalowa miguu. Pampu ilikuwepo stoo, ya ushirika. Maji ndiyo hayakuwepo. Bomba la mji lilikuwa limekauka tangu mwezi wa nne, na Mahona alisema hawezi kuleta gari la maji eti kuosha hofu ya mzee.

"Ndoo ngapi?" Milembe aliuliza.

"Mapipa ishirini."

"Nimekuuliza ndoo."

Yakobo alihesabu. "Mia mbili. Ndoo kubwa."

Milembe alikuwa kwenye kikundi cha wanawake kumi na sita wanaovuna pamba pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka duru iishe. Wiki ile duru ilikuwa imefika kwake. Pamba yake ilikuwa imefunguka yote, nyeupe, inangoja, na anayeacha zamu yake hurudi mwisho wa mstari.

"Nitawaambia zamu yangu waniletee maji," alisema.

"Na pamba?"

"Pamba itapigwa vumbi. Itakuwa daraja la pili. Wewe kula."

*

Kwa siku mbili wanawake kumi na sita walitoka mtoni na ndoo kichwani. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Walichimba mashimo, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kibuyu. Mahona aliwaruhusu kuingia kwa sababu ilikuwa bure, na kwa sababu alipenda kuona msururu wa watu ukimletea kitu. Alisimama kwenye veranda ya ofisi na kofia yake nyeupe.

"Mwageni tu, akina mama! Angalau mtauosha!"

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa getini. Mlinzi, Masele, alikuwa ameagizwa kwamba hakuna chombo kinachotoka kiwandani bila kukaguliwa, mafuta yasije yakaibwa. Kiwanda kilikuwa hakijakamua hata tone. Lakini agizo ni agizo, na Masele alikuwa na miezi sita bila kazi kabla ya hiyo, kwa hiyo kila mwanamke aliyetoka na ndoo tupu alisimamishwa, akainamisha ndoo, Masele akaingiza pua ndani akanusa. Mara mia mbili. Wanawake wenye wajukuu walisimama juani wakingoja ndoo zao zinuswe.

Mektilda, mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alimsukumia ndoo mpaka masikioni.

"Nusa vizuri, mwanangu. Nusa na kitako chake. Mama yako akikuuliza umefanya nini leo, umwambie umenusa."

"Ni kazi tu, mayu," Masele alisema ndani ya ndoo.

Felisita aliona yote hayo kutoka dirishani, akatamani ardhi immeze. Msichana aliyekuwa akifagia naye alimwuliza, "Yule anayenuswa si mama yako?" Felisita akasema hamjui, amefanana naye tu.

*

Ijumaa saa tano asubuhi mtungi ulijaa mpaka maji yakatoka kwenye kifuniko cha juu. Yakobo alikifunga, akaunganisha pampu, akaomba watu wote wasogee nyuma. Hakuna aliyesogea. Mahona ndiye kwanza alisogea karibu, na viatu vyake vipya vya kahawia, awaonyeshe.

Yakobo alisukuma mkono wa pampu. Sindano ya geji ikapanda: moja, mbili, tatu. Chuma kilikaa kimya. Nne. Jasho lilimtiririka puani na hakulifuta.

"Uchovu huo unautafuta mwenyewe, mzee," Mahona alisema. Watu wakacheka.

Tano. Tano na nusu. Kukasikika mlio mmoja mkavu, kama ubao uliovunjwa gotini, na ukingo wa bamba la trela ukaachia, ufa mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Maji yakaruka, yakapiga sakafu, yakaenea. Sindano ikaanguka kwenye sifuri. Mahona alitazama viatu vyake.

Ndipo wakaangua kicheko, maana hakuna aliyeumia, na walichokuwa wametishiwa siku zote hizo kilikuwa ni hiki: maji sakafuni. Huu ndio mlipuko? Joakim alipiga kelele kuliko wote.

"Bosi," Yakobo alisema. Alikuwa na furaha, kwa kuwa binti yake alikuwa hai na jambo lilikuwa limeonekana wazi mbele ya watu. "Umeona. Hata saba hakijafika. Huu ungekuwa mvuke..."

"Nimeona," Mahona alisema polepole. "Nimeona mtu amechukua mtungi wangu mzima, wageni wanakuja kesho, akaujaza maji mpaka ukapasuka."

"Bosi, haukuwa mzima."

"Ulikuwa na ufa jana? Joakim, ulikuwa na ufa jana?"

"Haukuwa nao, bosi."

"Nani alikuwa anasukuma pampu?"

Joakim alionyesha kwa kidole. Wafanyakazi wengine kumi na sita waliangalia pembeni, na katika hao kumi na sita hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga kiasi cha kutoelewa alichokiona. Walielewa vizuri sana. Walielewa pia nani anaajiri.

"Toka," Mahona alisema. "Na ushukuru sikupeleki polisi. Kuhujumu uchumi zamani ilikuwa kosa kubwa, ungeozea ndani."

Getini Masele alimwinamia, akamwomba afungue begi lake. Akalinusa.

*

Ufunguzi ulisogezwa Jumamosi ya pili. Joakim alifungua ule ufa kwa jiwe la kusagia chuma, akauchomelea upya, akaongeza ukanda wa bamba lile lile la trela juu yake, na akamwaga maji mengi kuliko mara ya kwanza. Habari hizo alizileta Felisita mwenyewe, mezani, kwa sauti ya kushinda.

"Wameufunga. Jumamosi ni hotuba tu, Jumatatu tunaanza."

"Huendi," Yakobo alisema.

"Baba, mimi si mtoto."

"Felisita, ng'wanawane, nisikilize. Ukanda ule unaongeza uzito tu. Ukingo wa chuma cha zamani umekufa. Utaachia pale pale."

"Mbona wengine hawaogopi? Wewe peke yako ndiye unayejua chuma Bariadi nzima? Unajua wananiitaje? Binti Mpasua Mtungi. Nimekaa nyumbani miaka mitatu tangu nimalize shule, nafagia uwanja huu huu, nangoja mwanaume mwenye ng'ombe aje anitazame meno. Nimepata kazi, umekuja kuipasua."

"Baba yako ameokoa maisha yako," Milembe alisema.

"Kwa maji? Nyie mmenifedhehesha tu. Mama, wamekunusa ndoo!"

"Wamenusa ndoo yangu," Milembe alisema, "na wewe ukasema hunijui. Mektilda alikuwa akipita chini ya dirisha, amenieleza."

Felisita akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Jumatatu ataenda, na wakimfungia ndani atatoka dirishani. Alikuwa mkaidi kama baba yake, ila ukaidi wake haukuwa na maarifa ndani yake. Wazazi wake walijua kwamba atakwenda.

Milembe alitaka wamfunge kweli, wampeleke Mwamapalala kwa mjomba wake. Yakobo alikataa. Mtu mzima ukimfunga leo kesho anatoka, na mtungi utakuwa pale pale. Alikaa nje mpaka jua likazama, akifikiri, kisha akaingia ndani kutafuta shati lake la kanisani.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kesho nakwenda kumwomba Mahona radhi."

Milembe alidhani hakusikia vizuri. Alipoelewa, alikaa kitandani akalia kwa hasira, kwani alikuwa ameacha pamba yake shambani kwa ajili ya ukweli, na sasa mumewe anakwenda kuumeza.

*

Mahona alimhitaji, ingawa asingesema. Mtu aliyewekwa badala ya Yakobo alikuwa ameacha boila nusura ikauke maji siku mbili tu za majaribio ya moto, kabla hata mvuke haujapelekwa mtungini. Lakini mwenye kuhitaji akiwa na kofia nyeupe hawezi kumpokea mtu bila kwanza kumlaza chini.

"Utasema mbele ya wote," alisema. "Na utasema ninavyokwambia."

Wafanyakazi walipangwa uani. Yakobo alisimama mbele, kofia mkononi, shati la kanisani limefungwa hadi kifungo cha shingo.

"Mimi Yakobo Mboje," alisema, "nilivunja mtungi wa Mkurugenzi kwa ushamba wangu, kwa kutojua mambo ya kisasa. Naomba radhi."

"Wa nyuma hawajasikia," Mahona alisema.

Yakobo alirudia kwa sauti. Felisita alikuwa huko nyuma na alikuwa amesikia mara ya kwanza.

"Na chuma cha trela?"

"Chuma cha trela ni kizuri."

"Kwa nini?"

"Ni kizito, Mkurugenzi."

Walipiga makofi. Mahona alimpa mkono, akaufuta kwenye suruali yake, akamwambia aende akawashe moto.

Mwenye kusoma haya anaweza kumdharau Yakobo, na si yeye wa kwanza. Lakini yule mzee aliingia chumba cha mtungi peke yake, akafunga mlango, akafanya kazi ya dakika kumi. Alifungua kioo cha geji. Kwa mipini ya vijiko viwili aliing'oa sindano taratibu kwenye kipini chake, akairudisha ikiwa imesogea mbele alama nne. Akafunga kioo. Kuanzia siku hiyo geji iliposoma saba, ndani ya mtungi mlikuwa na tatu, na kwenye tatu hata chuma cha trela kilihimili. Mtungi ukipoa, sindano ilisimama kwenye nne wakati ndani hamna kitu, kwa hiyo jioni alitundika kofia yake juu ya geji, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Mbegu zilizotakiwa kuiva kwa dakika arobaini ziliiva kwa saa moja na nusu. Mafuta yalitoka kwa shida. Mahona alifoka kila siku: moto mvivu, mzee mvivu, mambo ya ushirika hayo. Yakobo aliitikia kwamba kuni ni mbichi, kwamba mbegu za mwaka huu ni ngumu, kwamba ni uzee. Vijana walimwita Babu Polepole, wakamwigiza anavyofungua valvu kidogo kidogo huku ameegemea ukuta. Felisita alikuwa hodari kuliko wote kumwigiza. Yakobo alimsikia siku moja kupitia dirishani, akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga, kwa sababu binti yake alikuwa anacheka pale pale hatua mbili kutoka kwenye bamba na hakuna kilichompata.

*

Mwezi wa nane alikuja mgeni kutoka Sola, Thomasi, mtu mpole mwenye koti lililochakaa, ambaye naye alikuwa amenunua mtambo uliofungwa na mtungi wake nao umetoboka. Mahona alimtembeza kama anayemtembeza askofu.

"Soma mwenyewe," alisema mbele ya geji.

"Saba," Thomasi alisoma.

"Saba, mwezi wa tatu huu, kila siku ya kazi. Na chuma ni cha trela. Walisema kitatuua sote!" Akapiga bamba kwa kiganja, paa, paa. "Joakim atakuja kwako wiki ijayo. Siku mbili tu amemaliza. Mabamba nitakuuzia mimi, yamebaki mengi."

Thomasi aligeuka akamtafuta mwenye mvuke, akamwona Yakobo kwenye kona, akamwendea na kumwamkia kwa adabu inayompasa mzee.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Baba, nimesikia wewe uko hapa tangu ushirika. Huyu mwenzangu ni mfanyabiashara, na mimi pia, hatujui kitu. Wewe ndiye unayekaa na huu mtungi. Nifanye kama hivi?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu. Mahona alitabasamu. Joakim alikuwa amekunja mikono. Felisita alikuwa mahali pake, mkono kwenye komeo la mlango wa chini, anamtazama baba yake. Yakobo alifungua mdomo. Akisema kweli, geji itafunguliwa, sindano itarudishwa, yeye atakuwa nje ya geti kabla ya saa sita, na kabla ya saa saba mvuke wa saba wa kweli utakuwa nyuma ya lile bamba na Felisita mbele yake, maana huyo hatatoka. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Baba?" Thomasi alisema.

"Si unaona mwenyewe geji," Yakobo alisema.

"Naona. Lakini nakuuliza wewe."

"Uko salama."

Thomasi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, baba. Wabeja sana. Sasa nimetulia."

Watu walipotawanyika, Felisita alimfuata baba yake mpaka kwenye rundo la kuni. Tangu siku ya maji hakuwa amemwita kiwandani kwa jina lolote. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Umesema vizuri, baba," alisema. "Sasa hawatanicheka tena." Akamfuta masizi kwenye shavu kwa mkono wa ovaroli yake, mbele ya watu, akarudi kazini.

Jioni Yakobo alimweleza Milembe kila kitu: geji, Thomasi, koti lake, mikono yake miwili. Milembe alikuwa akichambua pamba yake ya daraja la pili, akitoa majani makavu. Aliendelea kuchambua mpaka mumewe akamaliza.

"Huko Sola," aliuliza, "mlango wa chini anafungua nani?"

"Sikumwuliza," Yakobo alisema.